Mwalimu Akijua Amekosea, Aseme?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alinishika mkono tukiwa chini ya mwembe, akanivuta kando. Kiuno chake kimemsumbua kwa miaka mingi. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amemwita aende kule akatibiwe na mtaalamu wa sindano za Kichina, zile zinazochomwa bila kuwa na dawa ndani yake. Mama akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Hebu niambie, tiba ile ni ya kweli au ni ya uongo? Na mimi Mkristo naweza kwenda, au nitakuwa nimeikubali imani ya watu wengine?"

Nikamjibu, "Mama, nipe muda." Kuuliza si ujinga, na mwalimu naye akiomba muda hajafanya kosa. Nikaenda kusoma. Katika kusoma kwangu nilikutana na habari za daktari mmoja ambaye maisha yake yalilijibu swali la Mama, kisha yakaniuliza mimi swali gumu kuliko lile. Hilo la pili ndilo nataka nilijibu leo mbele yenu.

Daktari huyo aliitwa Felix Mann. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1931, akakulia Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na udaktari wake akaumalizia katika hospitali ya Westminster mjini London. Alikuwa basi daktari kama hawa tunaowajua, wa kusikiliza kifua na kuandika cheti cha dawa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 alivutiwa na tiba ya sindano ya Wachina. Wakati ule madaktari wengi wa Uingereza waliiona tiba hiyo kuwa ni upuuzi. Yeye hakuicheka. Alikwenda kujifunza kwa madaktari wa bara la Ulaya waliokuwa wameshaijua, akaanza kuwatibu wagonjwa nayo, akaona wengi wanapata nafuu.

Mwaka 1959 alianzisha chama cha madaktari wa tiba hiyo. Mwaka 1962 alitoa kitabu kilichowafungulia wasomaji wa Kiingereza mlango wa elimu hii, na mwaka 1964 akatoa kingine juu ya njia za nguvu mwilini. Alifundisha madaktari wenzake wengi. Chama kipya cha madaktari wa tiba ya sindano wa Uingereza kilipoundwa mwaka 1980, yeye ndiye aliyekuwa Rais wake wa kwanza.

Yafaa nieleze kwa kifupi alichokuwa akifundisha. Kwa mafundisho ya zamani ya Wachina, mwilini mwetu hupita nguvu ya uhai iitwayo chi. Nguvu hiyo hufuata njia maalumu, zilizo kubwa zikiwa 12, na juu ya njia hizo pana sehemu zaidi ya 360 za kuchomea sindano. Kila sehemu ina jina lake na kazi yake. Nguvu ikizibwa mahali, mtu huugua. Sindano ikichomwa panapostahili, njia hufunguka. Ni ramani kamili, na Daktari Mann aliifundisha kwa bidii.

Kisha ukaja mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, akiwa ziarani China, aliugua kidole tumbo akapasuliwa katika hospitali moja ya Beijing. Kwa upasuaji wenyewe alipigwa sindano za ganzi za kawaida. Usiku wa pili baada ya upasuaji tumbo lilipomsumbua, mtaalamu alimchoma sindano za Kichina kwenye kiwiko na chini ya magoti, na baada ya muda akaona nafuu. Aliandika hayo kama yalivyokuwa. Lakini habari ina miguu, nayo hukua njiani. Baada ya muda watu wakasimuliana kwamba Mmarekani alipasuliwa tumbo kwa sindano za Kichina tu, bila ganzi yoyote. Tangu hapo tiba hii ikavuma katika nchi za Magharibi. Huku kwetu haikuwa ngeni sana, kwani madaktari kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na baadhi yao waliitumia.

Basi mfikirieni Daktari Mann wakati huo. Tiba aliyoitetea alipokuwa karibu peke yake sasa inatafutwa na kila mtu. Ana jina, ana wanafunzi, na vitabu vyake vinanunuliwa. Angeweza kukaa kitako akala matunda ya kazi yake.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera, naye alilijua kwa mikono yake mwenyewe. Mara kwa mara aliona kwamba sindano iliyokosa mahali pake penye ramani ilisaidia vile vile. Alijaribu kuchoma kando, akaona mgonjwa anapata nafuu. Alijaribu sindano chache badala ya nyingi, na kwa sekunde badala ya dakika, na wako waliopona. Wengine, hata ukiwachoma kwa kufuata ramani yote, hawakuona tofauti. Kidogo kidogo alifikia neno zito: kwamba zile njia 12 hazimo mwilini, na zile sehemu 360 na zaidi hazipo kama zilivyoelezwa. Sindano inasaidia baadhi ya watu kwa baadhi ya maumivu, na sababu yake aliona yapasa kutafutwa katika mishipa ya fahamu.

Hakulisema neno hili kwa kunong'ona. Mwaka 1992 alitoa kitabu kizima kulieleza. Ndiye yule yule aliyeandika kitabu cha zile njia mwaka 1964. Baadhi ya wenzake walichukizwa, na tunaweza kuelewa kwa nini. Mtu aliyekupa ramani akija kukuambia kwamba ramani hiyo haina nchi, utajiuliza umetembea wapi miaka yote. Yeye aliendelea kutibu kwa sindano, akieleza kile tu alichokiona. Alifariki mwaka 2014.

Ndugu msomaji, nilipofika hapa nilijiuliza: Je, ilikuwa lazima? Wagonjwa walikuwa wakipata nafuu. Ramani ilikuwa haimdhuru mtu. Kwa nini kuwavuruga watu kwa ajili ya maelezo tu?

Swali hili si la mchezo, na walio upande wa kunyamaza wana hoja. Husema kwamba mgonjwa huponywa pia na tumaini lake, na maelezo mazuri hujenga tumaini. Ukimnyang'anya maelezo, huenda umemnyang'anya na nafuu. Mwenye maumivu hahitaji somo la sayansi, anahitaji kulala usiku. Nakiri kwamba hoja hiyo ilinikalia moyoni siku kadhaa.

Kilichonisaidia kuijibu ni neno tunalolitamka kila siku, malaria. Asili yake ni Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu wa zamani waliona kwamba wakaao karibu na madimbwi huugua homa, wakadhani hewa inayotoka kwenye tope ndiyo inayoleta ugonjwa. Penye madimbwi yaliyokaushwa, homa mara nyingi ilipungua. Tendo lilikuwa jema na maelezo yalikuwa ya uongo. Je, uongo ule haukudhuru? Ulidhuru. Aliyeamini hewa mbaya alifunga dirisha akalala bila chandarua, na mbu aliyemo ndani akala karamu. Mpaka mwaka 1897, Ronald Ross alipovikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India, watu walikuwa na nusu ya kinga kwa sababu walikuwa na maelezo ya kudhania.

Ndivyo ilivyo na sindano. Mwambie mtu kwamba kiuno chake kinauma kwa kuwa nguvu imezibwa, naye akaamini. Maumivu yakizidi, atarudi kwako tena na tena ili uzibue. Lakini kama kilicho kiunoni ni uvimbe, au kifua kikuu cha mifupa, maelezo yako yamemfungia njia ya hospitali wakati bado ana nafasi. Maelezo ya uongo hayaonyeshi ubaya wake siku ambayo tiba inafanya kazi. Huuonyesha siku ambayo tiba imeshindwa na mgonjwa anahitaji kujua aende wapi.

Na lile tumaini? Hapo pia tuna ushahidi. Mwaka 2007 madaktari wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza walichomwa sindano kwa kuifuata ramani ya Wachina. La pili walichomwa juu juu mahali pasipo kwenye ramani, nao hawakuambiwa. La tatu walipata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, kati ya kila wagonjwa 100, waliopata nafuu ya maana walikuwa kama 48 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 27 katika la tatu. Tazameni tarakimu hizo kwa makini. Waliochomwa, popote walipochomwa, walipata nafuu zaidi ya wale wa kundi la tatu. Lakini kati ya kuifuata ramani na kutoifuata, tofauti ilikuwa ndogo mno. Mzee Mann aliyaona hayo katika chumba chake cha kutibia miaka mingi kabla. Pengine kinachosaidia ni mchomo wenyewe, pengine ni mapumziko na mkono wa mtu anayekujali, pengine ni tumaini. Vyovyote iwavyo, ramani haikuwa ya lazima, na kuitetea ni kulinda kitu ambacho mgonjwa hakihitaji.

Asije mtu akadhani kwamba nawadharau Wachina wa kale. Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa China, alitafuta tiba ya malaria katika kazi iliyoanzishwa na serikali yake mwaka 1967. Alipekua maandiko ya kale, akakuta kwamba Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, alieleza kuuloweka mmea fulani wa jamii ya pakanga katika maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Kutokana na hilo Bibi Tu akafikiri kwamba labda moto ndio unaoiharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyo ya moto mkali, na mwaka 1971 akapata maji ya dawa yaliyowaua vijidudu vyote katika panya na nyani. Kabla ya kuwapa wagonjwa aliinywa yeye mwenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto tuliyoanza kupewa Tanzania mwaka 2006 ina chembe za kazi yake. Aliwaheshimu wazee wake kwa kuyapima maneno yao. Daktari Mann alifanya vivyo hivyo. Mmoja alipima akakuta wazee walisema kweli, mwingine alipima akakuta walikosea mahali. Heshima yao kwa wazee ilikuwa moja.

Basi nilirudi kwa Mama, nikamwambia hivi. Kwanza, mwone daktari wa hospitali akichunguze kiuno hicho, ajue hakuna ugonjwa mkubwa. Akisema hakuna, na nauli ipo, nenda ukajaribu. Hakikisha sindano zimefunguliwa mbele yako, mpya, zisizotumika kwa mwingine. Ukipata nafuu, mshukuru Mungu. Usipopata baada ya mara kadhaa, usiuze mbuzi ili uendelee. Na kuhusu imani, hakuna mtu atakayekutaka ukiri zile njia 12, wala wewe huna haja ya kuzikiri. Dawa mseto tumeimeza miaka yote hii na hakuna aliyegeuka Mchina.

Mama alicheka, kisha akasema, "Kumbe kuniambia kwamba hata wao hawajui vizuri kumekuchukua wiki mbili!"

Nami nilicheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani maneno yake yalinichoma, kwa kuwa yapo ambayo yamenichukua zaidi ya wiki mbili. Hapa ndipo lilipo swali langu.

Nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1983 nilipangiwa kufundisha sayansi. Kitabu tulichotumia kilikuwa na picha ya ulimi uliogawanywa kama mashamba: utamu kwenye ncha, chumvi na uchachu pembeni, uchungu nyuma kabisa. Nilijifunza picha hiyo chuoni, nami nikaichora ubaoni kila mwaka kwa chaki za rangi. Niliipenda, kwa sababu ilikuwa rahisi kuichora na rahisi kuitungia maswali.

Mwaka 1988, katika darasa la sita, msichana mmoja alinyosha mkono. Alikuwa ametafuna ncha ya jani la mwarobaini wakati wa mapumziko. Akasema, "Mwalimu, uchungu nimeusikia hapa mbele, kwenye ncha." Darasa likacheka. Mimi nikamwambia, "Andika kama ilivyo kwenye kitabu." Katika jaribio la mwisho wa muhula niliuliza uchungu husikika wapi. Akaandika kwamba husikika ulimi mzima. Nikapiga mkasi kwa kalamu nyekundu.

Miaka mingi baadaye, nadhani ulikuwa mwaka 2006, nilisoma katika jarida moja kwamba picha ile ni kosa. Mjerumani mmoja, Hänig, aliandika mwaka 1901 kwamba sehemu za ulimi zinatofautiana kidogo tu katika kuhisi ladha. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani aitwaye Boring aliyachora matokeo hayo kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani kwamba pasipo na ladha fulani haisikiki kabisa. Mwaka 1974 mtafiti mwingine, Collings, alipima upya akakuta tofauti ni ndogo mno. Kila ladha husikika kila mahali penye vinundu vya kuonjea. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mtoto yule, na ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu pia, maana nami nina ulimi. Sikuwahi kuonja.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Nilistaafu mwaka 2020. Tangu 2006 hadi 2020 ni miaka 14, nami katika miaka hiyo niliendelea kuichora ile picha. Nilijiambia kwamba watoto wanaweza kuulizwa hivyo katika mtihani. Nilijiambia kwamba ni jambo dogo, halimuui mtu. Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa kwamba sikutaka kusimama mbele ya watoto niseme, "Nilikosea." Niliogopa kwamba wakijua nimekosea katika ulimi, hawataniamini katika moyo na mapafu.

Kosa la 1988 najisamehe, kwa kuwa sikujua. Haya ya baada ya 2006 ni mengine. Wahenga wamesema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na kosa langu kubwa halikuwa juu ya ladha. Niliwafundisha watoto kwamba kitabu kikigombana na kile wanachokionja wenyewe, waukatae ulimi wao. Mtoto akiisha kujifunza hivyo, atakubali ramani yoyote atakayochorewa, iwe ya mganga, ya mfanyabiashara au ya mwanasiasa.

Ndiyo maana habari za Daktari Mann zilinikosesha usingizi. Yeye alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi. Mimi ningepoteza nini? Dakika tano za aibu mbele ya darasa la sita. Tena sidhani kwamba wangeacha kuniamini. Mama wa kiuno aliniamini zaidi nilipomweleza mpaka wapi najua na wapi sijui. Mtu akisema "hapa nilikosea," unajua kwamba pale anaposhikilia neno lake amelipima. Asiyekiri kosa hata siku moja, utamjuaje?

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aseme. Aseme mwalimu, aseme daktari, aseme mzazi kwa mwanawe, na aseme mapema kuliko nilivyosema mimi. Wala asingoje kwanza apate maelezo mengine mazuri ya kuweka mahali pa yale ya zamani. Daktari Mann hakuwa na maelezo kamili ya kwa nini sindano husaidia, na hakulazimika kuwa nayo ndipo aseme kwamba yale ya kwanza si kweli.

Jina la msichana yule nalikumbuka, lakini sitaliandika hapa bila ruhusa yake. Sasa ni mtu mzima, na huenda ana watoto waliofundishwa picha ile ile. Kama jarida hili litamfikia, au kama yuko anayelikumbuka darasa lile na kicheko cha siku ile, naomba amfikishie habari hizi: jibu lake lilikuwa sahihi, na ile alama moja niliyomnyima ilikuwa haki yake. Na nyumbani kwangu pana mwarobaini. Watoto wa jirani wakija, huwapa jani, nawaambia waonje wenyewe kwanza, kisha ndipo tuzungumze.